Uzi: Gríma alimlenga nani aliposukuma lile jiwe kutoka dirishani Orthanc?

#1 Mchungulia Dirisha
Habari wakuu. Nimerudia kitabu cha Tolkien, The Lord of the Rings, ile sura ya wachawi wawili, Gandalf na Saruman, kujibizana kwenye Orthanc, mnara wa Saruman kule Isengard, na kuna jambo halijakaa sawa. Saruman kashavunjiwa fimbo, anaondoka roshani kwa kujikokota, mara kitu kizito kinachong'aa kinashuka kutoka juu. Kinagonga ukingo wa chuma wa roshani hadi unakatika, kinapita karibu na kichwa cha Gandalf, kinapasua kidato alichosimamia. Chenyewe hakina hata mkwaruzo. Kinabingirika ngazini na hobiti Pippin, mmoja wa wale watu wafupi, anakikimbilia. Ni palantír, jiwe la kuonea mbali.

Aliyeliachia ni Gríma, yule mshauri wa mfalme wa Rohan waliyembandika jina la Wormtongue, yaani Ulimi wa Nyoka. Éomer anadhani ni hila ya Saruman. Gandalf anakataa. Aragorn anasema huenda lilikosa shabaha kwa sababu mrushaji mwenyewe hakuwa ameamua yupi anamchukia zaidi kati ya Gandalf na Saruman. Gandalf anajibu kwamba huenda ni hivyo, na mambo yanaishia hapo.

Mimi nataka jina moja. Alimlenga nani?

#2 Kisu Butu
Gandalf. Hata uzi hauhitajiki. Siku tatu kabla, Gandalf kamuumbua mbele ya ukumbi mzima wa Edoras, makao ya mfalme wa Rohan, kampokonya cheo, kamfukuza. Hasira bado mbichi.

#3 Ndururu
Naweka kiti hapa nasubiri Bibi Faharasa aje na tarehe zake.

#4 Mpenda Filamu2
Sijaelewa. Gríma si alimchoma Saruman kisu kule kule juu ya mnara, halafu Legolas akamtia mshale? Na jiwe lilidondoka na Saruman mwenyewe. Dirisha limetoka wapi?

#5 Bibi Faharasa
Hiyo ni filamu ya 2003, tena toleo refu. Walioitazama ukumbini hawakuiona kabisa, ilikatwa. Kitabuni wote wawili wanatoka Orthanc wazima, wanazurura njiani kama ombaomba, na wanafia mlangoni pa Bag End, nyumba ya hobiti Frodo, tarehe 3 Novemba 3019 kwa kalenda ya kitabu. Gríma anamkata Saruman koo kwa kisu alichokificha, na kabla Frodo hajafungua mdomo pinde tatu za mahobiti zinalia. Legolas hayupo hata kwenye nchi hiyo.

Kisu Butu, siku tatu zako ni sahihi: Edoras ni 2 Machi, Orthanc ni 5 Machi. Ila umehesabu hasira ya upande mmoja tu. Gríma alifika Isengard akakuta Waenti, wale wachunga miti, wamelifurisha maji bonde zima. Treebeard, mkuu wao, akampa mambo mawili achague: amngoje Gandalf, au avuke maji aende kwa bwana wake. Akaingia majini mpaka shingoni. Na bwana aliyemkuta ndani hakuwa tena na jeshi, wala mshahara wa kumlipa. Hapo anamchukia nani?

#6 Ndururu
Sikusema?

#7 Rula_na_Kamba
Kabla ya kumtafuta aliyelengwa, tujiulize kama kulenga kuliwezekana.

Palantír ndogo kabisa ina kipenyo cha futi moja hivi, sentimita 30. Tufe la kipenyo hicho lina ujazo wa lita 14 na ushee. Tukilipa uzito wa kioo cha kawaida, kilo 2.5 kwa lita, tunapata kilo 35. Hicho si kitu cha kurusha. Unakikumbatia kifuani, unakipandisha kwenye kizingiti cha dirisha, unakisukuma. Ukishakisukuma huna tena usemi, kazi inabaki ya mvutano wa dunia.

Mnara una futi 500, karibu mita 152. Dirisha linatajwa kuwa juu sana bila kipimo. Tuseme mita 60 juu ya roshani. Jiwe linakaa hewani sekunde 3.5 na linatua kwa kasi ya kilomita 123 kwa saa. Kwa msukumo wa mita 1 kwa sekunde, hadi linafika chini limesogea mita 3.5 kutoka ukutani. Roshani ya mtu kusimama na kuhutubia ina upana gani? Huohuo, pengine pungufu. Maana yake ukilisukuma huku umefumba macho linatua ukingoni mwa roshani, na ndipo lilipotua.

#8 Mchungulia Dirisha
Rula, hujui ulichonipa. Sekunde 3.5!

Angalieni mfuatano. Saruman anageuka kuondoka mara ya kwanza, Gandalf anamwita, anarudi kama anayeburutwa, anaegemea ukingo wa chuma. Gandalf anaivunja fimbo, anamwambia aondoke. Saruman anaanguka nyuma, anatambaa kwenda ndani. Jiwe linagonga chuma palepale anapokiacha. Toa sekunde tatu na nusu: lilipoachiwa, Saruman alikuwa bado ameegemea. Gríma kaona kichwa cha Saruman kimetulia juu ya chuma, akaachia. Kilichomwokoa Saruman ni amri ya Gandalf ya kumfukuza.

#9 Kisu Butu
Mwandishi hakushika saa ya kupimia mbio. Alitaka kitu kidondoke wakati wa kishindo, kikadondoka.

Halafu mmesahau Gandalf alikuwa wapi. Alipanda vidato vyote 27 akagonga mlango kwa fimbo, na roshani iko juu ya mlango huohuo. Ukiwa dirishani ukichungulia chini, ukingo wa roshani na kofia ya Gandalf vinakaribia kuwa mstari mmoja. Anayemlenga Gandalf kutoka pale atagonga chuma atake asitake.

#10 Rula_na_Kamba
Hilo nalikubali. Ukiwa juu kabisa ya watu wawili, mmoja roshani na mwingine nje kidogo ya ukingo, tofauti yao ni mita moja au mbili. Kwa kilo 35 za kusukuma kwa mikono iliyotoka kwenye maji baridi, mita mbili ni kosa la kawaida tu. Kwa hiyo hesabu haimtoi yeyote. Inachotoa ni lile wazo la mrusha mawe hodari aliyekosa kidogo.

#11 Sauti ya Nyuma
Wote mnatafuta kichwa. Mimi nasema hakulenga kichwa cha mtu.

Ukitaka kuua kwa kudondosha kitu, mnara mzima umejaa vitu: viti, vyuma, vyungu. Kwa nini ubebe tufe laini lisilo na pa kushika, lenye kuteleza, ambalo bwana wako analithamini kuliko chochote? Kwa sababu unachotaka ni kumnyang'anya. Gríma alikuwa anatupa nje mali ya Saruman. Jiwe lingetua bwawani bila kugusa mtu, bado angekuwa amefanikiwa.

#12 Mpenda Filamu2
Hii ndiyo imenikaa. Ila alijua ni nini? Huenda kwake lilikuwa tufe jeusi zito tu lililowekwa karibu na dirisha.

#13 Mzee Kijitabu
Swali zuri, na jibu lake mnalo Edoras. Gríma mwana wa Gálmód alikuwa mtu wa kujua thamani ya vitu kabla ya wenyewe kujua. Herugrim, upanga wa mfalme, ulikutwa ndani ya sanduku lake la kufuli, pamoja na vitu vingine ambavyo watu walikuwa wamevipoteza. Mkono wa namna hiyo haubebi kilo 35 za kitu bila kukijua bei.

Na kwa kuwa wengi humwona Gríma mhalifu mdogo tu, tutazame alivyofanya kazi, maana udogo wake ndio ufundi wenyewe. Kwanza mlango: mgeni haingii bila ruhusa, na silaha zinabaki nje kwa bawabu Háma. Pili majina: Gandalf akija na onyo, Gríma ameshambandika jina la mleta habari mbaya, kwa hiyo onyo lenyewe linageuka ushahidi dhidi yake. Tatu mwili wa mfalme: kila siku anaambiwa yeye ni mzee, apumzike, asitoke nje kwenye upepo. Nne watu wa kumzunguka mfalme: mwanawe Théodred yuko mbali vitani, mpwa wake Éomer anasingiziwa uasi mpaka anafungwa. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayohitaji uchawi.

Palipovunjika ni pale mlangoni. Gríma alikuwa ameagiza fimbo ya Gandalf isiingie. Háma akaiangalia fimbo ya mzee, akatumia akili yake, akairuhusu. Mtambo wa miaka umebomolewa na bawabu mmoja mwenye busara.

#14 Ndururu
Mzee Kijitabu umeandika kama vile unataka kufungua ofisi ya ushauri.

#15 Kisu Butu
Hatua ya tatu umeipunguza. Ilikuwa sumu.

#16 Mzee Kijitabu
Ilikuwa maneno, kijana.

#17 Bibi Faharasa
Msigombane, wote mna pa kushika. Katika Unfinished Tales, iliyotoka 1980 baada ya Tolkien kufariki, imeelezwa kwamba afya ya Théoden, huyo mfalme wa Rohan, ilianza kuyumba mwanzoni mwa 3014 akiwa na miaka 66. Inasemwa kwamba yawezekana yalikuwa maradhi ya kawaida, ingawa watu wa Rohan kwa kawaida walifika karibu na miaka 80 au kuivuka, na kwamba yawezekana pia Gríma alikuwa akimpa sumu za hila. Mwandishi kaacha milango miwili wazi. Kupagawa, Saruman kuingia ndani ya mwili wa mfalme, hiyo ni ya filamu tu.

#18 Kisu Butu
Asante Bibi. Sumu.

#19 Rula_na_Kamba
Sumu gani ya miaka mitano inayotoka mwilini kwa asubuhi moja? Tarehe 2 Machi Théoden anasimama, anashika upanga, na siku hiyohiyo yuko juu ya farasi. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 anapigana kwenye ngome ya Helm's Deep. Tarehe 15 anaongoza mashambulizi kwenye uwanda wa Pelennor, anafia pale. Sumu inayokaa mwilini na kujilimbikiza ingemwacha mikono inatetemeka kwa majuma. Ukiniambia ni kitu cha kulevya, cha kupumbaza, kinachotaka kurudiwa kila siku na kikikosekana kichwa kinafunguka, hapo nakuelewa. Lakini hata hicho hakirudishi misuli ya mtu aliyekaa kitini miaka mitano.

#20 Kisu Butu
Kwani maneno yanarudisha misuli?

#21 Rula_na_Kamba
Hayarudishi. Ndiyo maana nasema maelezo yote mawili yana tundu.

#22 Mchungulia Dirisha
Wakuu, turudi dirishani. Sumu ifunguliwe uzi wake.

#23 Bibi Faharasa
Narudi dirishani kwa kupitia njia ya pembeni. Kuna jambo linaloipa nguvu hoja ya mwenye uzi: huenda chuki ya Gríma kwa Saruman ni ya kale kuliko ile gharika ya Waenti.

Septemba 3018 Gandalf anatoroka Orthanc usiku wa kuamkia tarehe 18. Tarehe 20 anaingia kwa Théoden, anaambiwa achukue farasi aondoke. Kwenye rasimu moja ya Tolkien kuhusu Sauron, adui mkuu, kuisaka Pete yake, Gríma anakimbia kumpelekea Saruman habari hizo, na njiani anakamatwa na Wapanda Farasi Weusi, watumishi wa Sauron. Kwa hofu anatapika kila anachojua, pamoja na mahali ilipo Shire, nchi ya mahobiti. Mkuu wao anamwacha hai kwa makusudi: anaona kwamba hatathubutu kumwambia mtu, na kwamba kiumbe huyu akiishi atakuja kumdhuru Saruman.

Rasimu nyingine haina kisa hicho, kwa hiyo msiishike kama msahafu. Ila mkiikubali, tangu Septemba Gríma anaishi na siri ambayo Saruman akiigundua atamwua. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya kumtakia bwana wake jiwe la kichwa hata kabla hajakanyaga maji ya Isengard.

#24 Sauti ya Nyuma
Au ana sababu ya kulitupa jiwe lenyewe. Jiwe la kuonea mbali, na wewe una siri ya kufukia! Nani angelala usingizi na kitu kile ghorofa ya juu?

#25 Mzee Kijitabu
Hilo sikuwa nimelifikiria. Nzuri sana.

#26 Bibi Faharasa
Nzuri lakini inachechemea. Palantír haioneshi mawazo ya mtu, wala hairudishi kila lililopita ili mwenye nyumba atazame apendavyo. Kwa jiwe la Orthanc mambo yalikuwa mabaya zaidi: Sauron alikuwa na jiwe jingine, na kila Saruman akitazama, jicho lake lilivutwa upande mmoja.

#27 Sauti ya Nyuma
Gríma angejuaje hayo? Hofu haisomi maelekezo ya matumizi.

#28 Mpenda Filamu2
Samahani wakuu, hesabu ya Rula inanisumbua. Kilo 35, halafu usiku huohuo Pippin, hobiti wa futi tatu na kitu, analichukua pembeni mwa Gandalf aliyelala, anaondoka nalo, anakaa chini na kuliweka katikati ya magoti. Na mahali pake kaacha jiwe la kawaida lililofunikwa. Kimya kimya. Kilo 35?

#29 Kisu Butu
Hahaha, Rula umekamatwa.

#30 Rula_na_Kamba
Nimekamatwa nusu. Mchana alipoliokota, Pippin alikuwa anapandisha ngazi polepole kama mwenye mzigo mkubwa. Huo ni ushahidi wangu. Usiku ni ushahidi wake. Ukiwa na tufe la sentimita 30 na mtu wa mita moja na kitu alinyanyue bila kuguna, lisizidi kilo 15. Hapo densiti inashuka hadi karibu 1, sawa na maji. Kioo hakiwi hivyo, labda liwe na uwazi ndani. Lakini lenye uwazi ndani haligongi chuma kikakatika na kidato kikapasuka, lenyewe likabaki zima. Vitu hivi vilitengenezwa na mikono isiyo ya wanadamu, basi niachieni hapo.

Kwa vyovyote, likiwa na kilo 15 Gríma anaweza kulirusha kweli, si kulisukuma tu. Shabaha inarudi mezani. Mmefurahi?

#31 Kisu Butu
Sana. Gandalf.

#32 Mchungulia Dirisha
Saruman. Kilo 15 au 35, muda wa kushuka ni uleule, na sekunde tatu na nusu haziondoki.

#33 Ndururu
Kuna anayekumbuka kwamba baadaye Saruman alidokeza Gríma kamla Lotho, yule hobiti? Nauliza tu, maana tunajadili tabia ya mtu.

#34 Bibi Faharasa
Alidokeza kwamba Gríma alimchoma Lotho usingizini, kisha akaongeza kwamba anatumaini alimzika, ingawa siku hizi Gríma amekuwa na njaa sana. Ni kauli ya Saruman, mtu ambaye sauti yake ndiyo silaha yake, akiwa anawaumiza mahobiti kwa makusudi. Gríma akajibu kwamba ni Saruman aliyemlazimisha. Kulazimishwa kuua au kulazimishwa kula, hapo hapasemwi. Teke la usoni likafuata, na kisu kikafuata teke.

#35 Mzee Kijitabu
Na kile kisu kinapaswa kuhesabika katika uzi huu. Mara ya pili alipopata nafasi hakukuwa na utata: alimrukia Saruman mgongoni. Gandalf hakuwepo, kwa hiyo Kisu Butu atasema si ushahidi.

#36 Kisu Butu
Si ushahidi. Kati ya Machi na Novemba kuna miezi minane ya mateke. Chuki ya Novemba usiipeleke Machi.

#37 Sauti ya Nyuma
Kuna kitu hatujakigusa: ile sauti. Wakiwa wameshashuka ngazi zote 27, Gandalf anasema hata wangeingia ndani wasingepata hazina nyingi kushinda hiyo waliyotupiwa. Palepale ukelele mkali unatoka dirishani juu na kukatika ghafla. Gandalf anasema inaonekana Saruman naye anafikiri hivyo.

Nani alipiga ukelele? Wengi husoma kwamba ni Saruman kagundua jiwe halipo. Mimi nasema ukelele unaokatika ghafla ni wa mtu aliyeshikwa koo. Ni Gríma, na Saruman kamfikia.

#38 Mchungulia Dirisha
Kama ni Gríma kakabwa, basi Saruman hakuuliza jiwe lilimlenga nani.

#39 Mpenda Filamu2
Kuna tatizo la ngazi. Saruman yuko roshani, ametoka kuvunjiwa fimbo, anatambaa. Dirisha liko mita 60 juu. Alifikaje haraka hivyo?

#40 Ndururu
Rula, unaitwa.

#41 Rula_na_Kamba
Ngoja. Kidato cha sentimita 18, mita 60 ni vidato 333. Mtu mzima mwenye afya, bila kupumzika, dakika nne au tano hivi. Mzee aliyetoka kutambaa, zidisha. Na huku nje, kati ya jiwe kutua na ukelele, kuna nini? Pippin analiokota, Gandalf analichukua na kulifunika kwa joho, Gimli anataka waondoke kabla hakijarushwa kingine, wanashuka, Gandalf anazungumza na mahobiti habari za Saruman. Soma kwa sauti, ni dakika mbili tatu.

Kwa hiyo ama ukelele ni wa Gríma mwenyewe bila kuguswa na mtu, ama dirisha haliko mita 60. Tukishusha hadi mita 20, vidato vinakuwa 111, mtu mwenye hasira anafika ndani ya muda huo. Lakini mita 20 ni sekunde 2 tu hewani, kilomita 71 kwa saa.

#42 Mchungulia Dirisha
Sekunde 2 bado Saruman anakuwa ameegemea chuma.

#43 Kisu Butu
Sekunde 2 Saruman ameshaanza kuanguka nyuma. Rudia mfuatano wako mwenyewe, namba 8.

#44 Rula_na_Kamba
Tukiweka mita 35 inakuwa sekunde 2.7, vidato 194. Nipeni usiku huu nipige hesabu ya mtu anayepanda huku anatukana.